Mnara wa Maldon, Mawe ya Goma

Goma, mashariki mwa Kongo, jiwe jeusi liko kila mahali: kwenye kuta za nyua, kwenye misingi ya nyumba za mbao, chini ya magurudumu ya chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo. Mengi ya mawe yaliyoko katikati ya mji yaliteremka kama uji wa moto tarehe 17 Januari 2002, ubavu wa kusini wa volkano ya Nyiragongo ulipopasuka. Lava ilifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita madukani, ikaangamiza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia Ziwa Kivu. Watu laki kadhaa walikimbia, wengi wakivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Baada ya siku chache walianza kurudi, mawe yakiwa bado na joto, na wakajenga juu yake.

Anayekimbia moto hubeba mtoto, godoro na sufuria. Kabati la vitabu halibebeki. Ndiyo maana nikikumbuka siku ile huwaza pia rafu ambazo hakuna aliyezihesabu: Biblia ya mchungaji, kamusi ya mwalimu, kitabu cha padri chenye maandishi ya penseli pembeni. Wala si lazima volkano ilipuke. Padri akifariki, vitabu vyake hutiwa katoni, katoni hupelekwa stoo, na unyevu na mchwa humaliza kazi.

Kuna kasisi mmoja wa Uingereza aliyeliona jambo hili mapema. Thomas Plume alizaliwa mwaka 1630 Maldon, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Essex. Alisoma Cambridge, na kuanzia 1658 hadi kifo chake mwaka 1704 alikuwa kasisi wa Greenwich, kando ya mto Thames. Hakuoa. Alinunua vitabu maisha yake yote, na si vya dini peke yake: alikusanya vya tiba, vya safari, vya historia, vya nyota. Mwaka 1675 mfalme aliamuru kituo cha kutazama nyota kijengwe hapo hapo Greenwich, na elimu ile ikamvutia Plume kiasi kwamba aliacha fedha za kuanzisha kiti cha uprofesa wa falaki Cambridge. Kiti hicho kipo hadi leo na kinaitwa kwa jina lake.

Vitabu na vijitabu vyake vilifika takriban 8,000, wingi wa kushangaza kwa kasisi wa zama zile. Lakini kinachonigusa zaidi ni alivyovipangia maisha baada yake. Kule Maldon, kanisa la kale la Mtakatifu Petro lilikuwa limeanguka, ukabaki mnara tu. Plume alijenga jengo la matofali palepale, likiegemea mnara: chini shule ya watoto, juu vitabu. Katika wasia wake aliweka wadhamini, mtunzaji wa kulipwa, na ardhi ambayo mapato yake yangeendesha kazi. Alitaka vitabu viwafae makasisi wa vijiji vya jirani na yeyote mwenye kiu ya kusoma. Makasisi hao wengi waliishi Maldon kwa kuogopa hewa mbaya ya mabwawa yaliyozunguka makanisa yao. Homa ile ya mabwawa ya Essex ilikuwa malaria. Sisi wa maziwa makuu hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kwa Kiswahili tendo hili lina jina: wakfu. Masharifu wa msikiti wa Riyadha kule Lamu, aliouasisi Habib Saleh mwanzoni mwa karne ya 20, walihifadhi miswada ya Kiarabu kwa desturi hiyohiyo. Kitabu kikishawekwa wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi. Ni cha wanafunzi watakaokuja. Plume, Mwanglikana wa karne ya 17, na masharifu wa Lamu hawakujuana, lakini wote walijua kwamba kitabu bila mlinzi ni karatasi tu.

Hata Maldon ulinzi ulilegea. Baada ya karne tatu, vitabu mamia vilionekana havipo, na wadhamini wamekuwa wakitafuta nakala nyingine za matoleo yaleyale wapate kuziba mapengo rafuni. Kazi hiyo ya kutafuta kitabu kimoja kimoja, kwa jina na kwa mwaka wa kuchapwa, inawezekana kwa sababu orodha ilikuwepo. Aliyepoteza bila orodha hajui hata alichopoteza.

Goma nayo inajua kuanza upya juu ya kilichopotea: ina majengo ambayo lava ya 2002 iliziba ghorofa ya chini kabisa, ikaganda, na ghorofa ya juu ikawa ndiyo sakafu ya barabarani. Wenyewe walitoboa milango mipya pale palipokuwa na madirisha, wakafungua biashara.