Snea Isiyo na Jina Bado Ina Ukoo

Wasee, leo tuongee kuhusu ile snea kuukuu iliyo kwenye stoo ya kanisa ama ya shule. Beji ilitoka kitambo, kromu imejaa mabaka, na hakuna anayejua ilitoka wapi. Siku moja mtu atakuja na elfu mbili mkononi, aseme anawasaidia kupunguza mzigo, na aende nayo. Huenda amebeba takataka. Huenda pia amebeba kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Shida ni kwamba anajua yeye tu.

Msimamo wangu ni huu: beji ndiyo sehemu ya snea inayodanganya kirahisi zaidi. Inang'olewa, inapotea, inauzwa peke yake, inabandikwa kwa ngoma nyingine. Mwili wa ngoma ndio shahidi mwaminifu. Kwa nini nasema hivyo? Twende Chicago kwanza.

Mwaka 1909 ndugu wawili, William na Theobald Ludwig, walianzisha kampuni ya ngoma pale. Mambo yalienda poa kwa miaka mingi, kwa sababu kila ukumbi wa sinema zisizo na sauti ulihitaji mpiga ngoma. Halafu mwisho wa miaka ya 1920 filamu zenye sauti zikaingia, wapiga ngoma wakakosa kazi, soko likaanguka. Kampuni ya Conn, ya mji wa Elkhart, ikanunua Ludwig, na ikanunua pia mshindani wao Leedy. William alifanya kazi huko kwa muda, akaondoka, na mwaka 1937 akaanza upya. Lakini jina lake lilikuwa limeuzwa! Hakuweza kuliweka kwa ngoma zake mwenyewe, kwa hivyo akatumia herufi tu: WFL. Alilinunua tena jina la Ludwig mwaka 1955.

Umeona hiyo? Kwa miaka karibu ishirini, ngoma iliyoandikwa Ludwig haikutoka kwa mzee Ludwig, na ngoma ya mzee Ludwig haikuandikwa Ludwig. Sasa mtu akikuambia "angalia jina tu," muulize ni jina la mwaka gani.

Kisha ikaja vita. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliweka kikomo cha chuma kwenye ala za muziki: kisizidi asilimia 10 ya uzito. Viwanda vikachonga kwa mbao zile lagi, yaani vishikio vya ubavuni ambavyo skrubu za kukaza ngozi huingia. Ukikutana na snea yenye lagi za mbao, usicheke ukidhani ni fundi wa mtaani aliijaribu. Huenda hiyo ni ngoma ya wakati wa vita, na kuna watu wanazitafuta usiku na mchana.

Halafu tarehe 9 Februari 1964, Beatles wakapiga kwenye televisheni ya Marekani mbele ya watazamaji karibu milioni 73. Ringo Starr alikuwa amekalia ngoma za Ludwig, jina likionekana wazi kwa ngoma kubwa. Vijana wote wakataka ngoma. Wengi hawakuwa na doo ya Ludwig, na hapo viwanda vya Japani vikapata soko. Pearl na wenzao walitengeneza ngoma za bei nafuu, na muagizaji akazibandika jina lolote alilotaka. Ngoma zilezile, majina kibao. Beji ikitoka, jina la duka limekwenda, na unabaki na snea yatima. Kusema ukweli, snea nyingi zisizo na jina ni za ukoo huu.

Sasa, unaisomaje?

Anza na sumaku, hata ya friji. Ikinata, mwili ni wa chuma. Isiponata na mwili ni wa metali, una shaba ya manjano ama alumini. Shaba ni nzito, mkono utakwambia. Alumini iliyopakwa kromu huzeeka vibaya: kromu inavimba na kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Watu wengi wakiona hivyo wanadhani ni mali mbovu. Kumbe Ludwig Supraphonic za miaka ya 1960, moja ya snea zilizorekodiwa sana duniani, zinajulikana kwa kuzeeka hivyohivyo.

Pili, hesabu lagi. Supraphonic ina 10. Ndugu yake wa bei ya chini, Acrolite, ana 8 na hana kromu. Acrolite ilitengenezewa wanafunzi, lakini mwili ni wa alumini ya aina ileile, na leo hata mapro wanaipiga. Ikiwa skrubu zinashuka moja kwa moja kutoka pete ya juu hadi ya chini, bila kuishia kwa lagi katikati, unaangalia mtindo wa zamani zaidi, ama ngoma ya bei ya chini.

Tatu, toa ngozi ya juu na umulike ndani kwa tochi ya simu. Ubao mmoja mnene uliopindwa kwa mvuke, wenye pete za mbao juu na chini, unakupeleka kwa Slingerland Radio King, ngoma iliyopendwa sana na Gene Krupa. Plaiwudi ya mti mwepesi wa lauan, wenye wekundu kidogo, inakupeleka Japani. Tafuta pia mhuri wa tarehe, kwa sababu Ludwig walikuwa wakipiga mihuri ndani. Na ukikosa namba ya siri usikate tamaa, Ludwig walianza kuweka namba kwa beji karibu na mwisho wa 1963.

Nne, angalia tundu la hewa ubavuni. Beji nyingi zilishikiliwa hapo, na zikitoka huacha kivuli, mahali ambapo rangi haikupigwa na jua. Umbo la kivuli hicho linaweza kukupa jina lote.

Kuhusu bei, tusidanganyane. Snea ya Kijapani isiyo na jina kwa kawaida haifiki dola 150. Supraphonic nzuri ya miaka ya 60 ni mamia kadhaa. Ludwig Black Beauty ya miaka ya 1920, ile ya shaba iliyochongwa maua, inaingia maelfu. Kinachoshusha bei ni matundu mapya na vipuri vya kubahatisha. Kinachoua kabisa ni ile rangi ya gloss ambayo kila kamati ya kanisa hupenda kupaka kabla ya harusi.

Na hapa ndipo suala linatugusa. Snea haikuja kwetu jana. Ilikuja na bendi za wanajeshi na za misheni, na tangu mwisho wa karne ya 19 watu wa Lamu na Mombasa walikuwa wameshachukua mtindo wa bendi hizo wakaunda beni, ngoma yao wenyewe. Ala zilizobaki ni ushahidi wa hiyo safari. Tukiziuza bila kuzisoma, tunauza na ushahidi.

Kwa hivyo ukijua kusoma snea, na mzee wa kanisa hajui, mwambie iko na thamani gani kabla ya kutoa pesa. Mpe bei ya haki. Kumnyamazia ili uibebe kwa elfu mbili si ujanja wa mjini, ni kumnyang'anya mtu aliyekuamini. Na kama wewe ndiye unauza, usikubali bei ya kwanza.

Wikendi hii ingia stoo na sumaku na tochi. Piga picha za ndani, za lagi, na za kile kivuli cha beji. Halafu ficha ile rangi ya gloss.