Msimamizi wa Friji: Alitoka Wapi, na Akikosea Tufanye Nini?

Wekeni daftari na kalamu tayari.

Tuanze na shida. Mama mmoja amefungua friji yake asubuhi. Taa ya ndani inawaka. Mlangoni, kwenye kibao cha vitufe, namba 4 inang'aa kama kawaida. Lakini maziwa yamechacha, na samaki wa jana ananuka. Amebonyeza vitufe, havikubali. Fundi amekuja, ametazama kidogo, akasema, "Kibao kimekufa. Leta fedha tununue kipya." Je, mama atoe fedha? Tukijua historia ya kibao hicho, tutajua namna ya kumjibu fundi.

Mwaka 1834, Jacob Perkins, Mmarekani aliyekaa London, alipata hati ya serikali ya kulinda ubunifu wake wa mtambo wa kutengeneza barafu. Siri yake ni hii. Ukitoka kuoga, maji yanapokauka mwilini unasikia baridi, kwa sababu yanaondoka na joto lako. Ndani ya mabomba ya mtambo, dawa maalumu hugeuka mvuke na kuchukua joto. Kisha pampu huushindilia mvuke huo, joto likatoka nje, na dawa ikarudi kuwa maji maji. Friji nyingi za leo zafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Pampu yake huitwa kompresa.

Kompresa ni mfanyakazi hodari, lakini hana akili. Ukiiacha, itafanya kazi mpaka mboga zigande. Ukiizima, chakula kitaoza. Lazima awepo msimamizi wa kusema "Anza" na "Basi". Hapo kwanza, kazi kama hiyo ilikuwa ya mtu.

Sikilizeni habari za mwalimu Warren Johnson. Alifundisha katika chuo cha ualimu mjini Whitewater, Marekani. Kule kuna baridi kali, na madarasa yalipashwa joto kutoka chumba cha chini. Mtumishi aliingia darasa moja moja kutazama kama joto limezidi au limepungua, kisha akashuka kurekebisha. Masomo yalikatizwa kila mara. Johnson akatengeneza chombo cha umeme cha kumpelekea mtumishi habari za joto huko huko chini, akapata hati yake mwaka 1883. Yeye hakuwa na friji. Alikuwa na madarasa. Lakini fikira ni ile ile: chombo kitazame joto badala ya mtu.

Mwaka 1918 kampuni ya Kelvinator ya Marekani ilileta friji ya nyumbani yenye msimamizi wa namna hiyo. Jina lake ni themostati. Ni mvukuto mdogo, mfano wa mvukuto wa mhunzi, uliounganishwa na kibomba chembamba chenye gesi. Friji ikipata joto, gesi hutanuka, mvukuto husukuma swichi, na kompresa huanza. Baridi ikitosha, gesi hunywea, swichi huachia, na kompresa hupumzika. Friji nyingi bado zina themostati hiyo, yenye kirungu cha kuzungusha. Namba zake, 1 mpaka 5 au 7, si nyuzi za joto. Ni kiasi cha baridi tu.

Baadaye msimamizi alibadilika tena. Kompyuta ndogo sana zilianza kuuzwa mwaka 1971, na hatimaye zikaingia katika friji. Mahali pa mvukuto pakakaa kihisi, kipande kidogo chenye kuachia umeme kwa shida zaidi kadiri baridi inavyozidi. Kompyuta husoma umeme huo, ndipo hutoa amri. Kibao cha vitufe ni mdomo na masikio yake.

Basi turudi kwa mama yetu. Afanye mambo manne, kwa utaratibu.

Kwanza, atazame kama kuna alama ya kufuli kwenye kibao. Friji nyingi zina kufuli ya kuzuia watoto wasichezee vitufe. Akishika kitufe hicho kwa sekunde chache, kama kitabu cha friji kinavyoeleza, vitufe hufunguka.

Pili, achomoe plagi, angoje dakika 10, halafu achomeke tena. Umeme unapokatika na kurudi ghafula, kompyuta huweza kuchanganyikiwa. Kungoja huipa nafasi ya kuanza upya, na msukumo ndani ya mabomba hutulia.

Tatu, plagi ikiwa imechomolewa, afute unyevu kwenye kibao kwa kitambaa kikavu.

Nne, aweke bilauri ya maji katikati ya friji, na ndani yake kipimajoto cha jikoni, si kile cha kupimia homa. Asome kesho asubuhi. Maana namba ya kibaoni mara nyingi ni ombi tu uliloiomba friji, si habari ya hali iliyomo. Bilauri ndiyo shahidi. Ikionyesha nyuzi 4 au karibu yake, friji ni nzima. Ikionyesha 12, asikilize nyuma. Kompresa ikinguruma bila kupumzika, msimamizi ametoa amri. Atazame mpira wa mlango, barafu iliyoziba njia ya hewa, au amwite fundi apime gesi. Kompresa ikiwa kimya siku nzima, hapo huenda kosa ni la kihisi, la kibao, au la kompresa yenyewe.

Na kabla ya kununua kibao, amwombe fundi apime kihisi mbele yake kwa mita, kikiwa ndani ya maji ya barafu, alinganishe na kitabu cha watengenezaji. Kihisi ni kitu kidogo; kwa kawaida bei yake ni ndogo kuliko ya kibao.

Kazi yetu ina mpaka. Tusifungue kibao wala kutoboa bomba. Bodi ya ndani huweza kuwa na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. Gesi nayo ni hatari. Friji za zamani zilitumia gesi za sumu zilizoua watu majumbani. Nyingi za leo hutumia gesi inayoshika moto.

Basi, mama yetu asimkatalie fundi wala asimkubalie upesi. Amwulize: "Umepima nini?" Kwaherini mpaka somo lijalo.

Maswali ya kikundi
1. Kwa nini kompresa inahitaji msimamizi?
2. Mwalimu Johnson aliona shida gani chuoni?
3. Bilauri ya maji yatuambia nini ambacho kibao hakituambii?