Kutoka Kundi la Fidla hadi Kompyuta: Historia ya Sauti Laini za Nyuzi

Nyimbo nyingi za leo husindikizwa na sauti laini ya nyuzi inayotanda nyuma ya mwimbaji. Msikilizaji hudhani kuna kundi la fidla, kumbe mara nyingi hakuna hata fidla moja: sauti imeundwa na sintesaiza iliyo ndani ya kompyuta. Insha hii inaeleza jinsi hali hiyo ilivyofikiwa. Hoja yake ni kwamba ulaini huo haukutokana na kuiga fidla, bali na kuiga kutolingana kwa wapigaji wake.

Wapigaji ishirini wakipiga noti moja, hakuna wawili wanaolingana kabisa. Mmoja yuko juu kidogo, mwingine chini kidogo. Mmoja anatangulia, mwingine anachelewa. Sikio halizitenganishi tofauti hizo, bali husikia sauti moja pana.

Mwaka 1963, huko Birmingham, Uingereza, ilitolewa Mellotron. Kila kibonyezo cha kinanda hiki kilichezesha utepe wenye sauti iliyorekodiwa kwa wapigaji halisi. Tatizo ni kwamba utepe ulidumu kama sekunde 8 tu, kisha noti ikakatika.

Mwaka 1974 kampuni ya Eminent ya Uholanzi ilitoa Solina String Ensemble, isiyo na utepe wowote. Mawimbi ya noti 12 za juu yaligawanywa kwa mbili, tena na tena, ili kupata noti za chini. Kwa kuwa oktavu zote zilitoka kwenye chanzo kimoja, zililingana mno, na sauti ikawa kavu. Dawa yake ilikuwa sakiti ya korasi: sauti ilipitishwa kwenye njia tatu zilizoichelewesha kwa viwango vinavyobadilika kila wakati. Nakala hizo zilipopishana, kinanda kimoja kikasikika kama kundi.

Kompyuta ilirithi fikra hiyo. Mfano mzuri ni ZynAddSubFX, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2002 na Nasca Octavian Paul wa Romania. Mojawapo ya mbinu zake, PADsynth, huichukua kila hamoniki ya sauti na kuitandaza iwe ukanda badala ya mstari mwembamba, na za juu hutandazwa zaidi, kama inavyotokea katika kundi halisi. Mtumiaji huifanya noti ianze taratibu na kufifia polepole, huchuja makali ya juu, kisha huongeza mwangwi kidogo. Kutolingana kwa watu sasa ni namba anayoipandisha na kuishusha kwa kipanya.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama. Mwaka 1982 tawi la London ya Kati la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipitisha azimio la kutaka sintesaiza zizuiwe, kwa hofu ya ajira za wanachama. Mashine hazikuzuilika. Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina sura yake katika taarabu. Vikundi vya Zanzibar vilivyofuata mtindo wa okestra za Misri vilikuwa na safu ya fidla; taarabu ya kisasa iliyoshamiri tangu miaka ya 1990 iliikabidhi kinanda cha umeme sehemu kubwa ya kazi hiyo. Vikundi vikawa vidogo, na gharama za kusafiri na kulipana zikapungua.

Je, tuilaumu mashine? Programu ya bure humwezesha kijana asiye na uwezo wa kukodi hata mpiga fidla mmoja kusikika kama mwenye okestra. Hata hivyo, historia hii inaonyesha kuwa kila hatua ya fundi ilianza kwa kuwasikiliza watu waliokaa pamoja wakipiga. Kundi likitoweka kabisa, vizazi vijavyo vitakuwa vikiiga nakala ya nakala, bila kumjua mwenye sauti.