Upimaji wa viputo vya hewa katika zege lililoshika

Upimaji wa viputo vya hewa katika zege lililoshika ni uchunguzi wa maabara unaokadiria wingi, ukubwa na ukaribu wa matundu madogo yaliyobaki ndani ya zege baada ya kuwa gumu. Hufanywa hasa katika nchi za baridi kali kama Marekani na Kanada, ambako maji yaliyojificha ndani ya zege huganda na kuyeyuka tena na tena kila mwaka. Maji yakiwa barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yasipopata pa kukimbilia hulipasua zege. Kiputo kilicho karibu ndicho kimbilio lenyewe. Kinga hii ilibainika miaka ya 1930 katika barabara za jimbo la New York, pale baadhi ya vipande vilipostahimili baridi kuliko vingine: saruji ya vile vilivyostahimili ilikuwa imesagwa pamoja na mafuta ya wanyama, nayo yakatia mapovu katika zege.

Swali la kawaida ni zege lina hewa asilimia ngapi, lakini jibu lake halitoshi. Kiputo kimoja chenye kipenyo cha milimita 1 hubeba hewa sawa na viputo 1,000 vya milimita 0.1; hata hivyo, vile vidogo vina jumla ya uso mara kumi zaidi, na hutapakaa kila upande. Mwaka 1949 T. C. Powers wa Portland Cement Association alionyesha kwa hesabu kuwa kinachoamua ni umbali ambao maji husafiri ndani ya uji wa saruji kabla ya kufikia kiputo. Umbali huo kwa kawaida hutakiwa usizidi milimita 0.20. Kuongeza hewa bila kipimo si dawa, kwani kila asilimia 1 ya hewa hupunguza nguvu ya zege kwa takriban asilimia 5. Hewa inayofaa ni ile iliyogawanyika vizuri, na mgawanyiko hauonekani mpaka uangaliwe.

Ndiyo maana kipande cha zege hukatwa, husuguliwa hadi uso wake uwe laini kabisa, kisha huwekwa chini ya hadubini kwa utaratibu wa kiwango cha Marekani cha ASTM C457. Mchunguzi hufuata mistari iliyonyooka akipima urefu wa sehemu zinazokatiza viputo, au huhesabu nukta zinazoangukia hewa, uji wa saruji na kokoto. Mtu anaweza kuhoji vipi mstari juu ya uso bapa uweze kueleza ujazo. Wanajiolojia walikwisha kulijibu swali hilo: Delesse mwaka 1847 kwa kutumia eneo, na Rosiwal mwaka 1898 kwa kutumia mstari, walionyesha kuwa uwiano unaopatikana usoni hukadiria uwiano wa ujazo, mradi sampuli iwe ya kutosha.

Pingamizi zito zaidi ni la wakati. Chombo cha kupima hewa kwa shinikizo hutoa jibu la zege bichi kwa dakika chache, lori likiwa bado linasubiri. Hadubini husema zege likiwa limekwisha kumwagwa. Ni kweli, na kazini chombo hicho kinahitajika. Lakini kinataja kiasi tu, hakitofautishi viputo vikubwa na vidogo, na hakijui yatakayofanywa baadaye na pampu au mashine ya kutetemesha. Hadubini hupima zege lililobaki mahali pake. Kwa hiyo hufaa kuthibitisha mchanganyiko kabla ya kazi kubwa, na kueleza kwa nini zege fulani limebambuka.

Pingamizi la mwisho ni kwamba jicho huchoka, na kwamba hesabu ya Powers hudhani viputo vyote ni vya ukubwa mmoja, vimepangwa kwa utaratibu. Skana hupunguza uchovu: uso hupakwa wino mweusi, na matundu hujazwa unga mweupe. Hata hivyo unga huingia pia katika nyufa na vinyweleo vya kokoto, kwa hiyo jicho la mtaalamu bado linahitajika. Kuhusu dhana ya Powers, kiwango cha Kanada huruhusu umbali wa wastani wa milimita 0.23, bila kipimo kimoja kuzidi 0.26. Uvumilivu huo ndio usomaji sahihi wa namba ya Powers: ni kadirio la hatari, na thamani yake hutokana na kukadiria umbali, jambo ambalo asilimia peke yake haiwezi kulifanya.