Gitaa la umeme: Jinsi ya kulirekebisha na kulitunza kwa anayejifunza

KIJANA anaponunua gitaa lake la kwanza la umeme jijini Nairobi na kulileta nyumbani Machakos, aghalabu hudhani kuwa kazi iliyobaki ni kujifunza kupiga. Sivyo. Magitaa ya bei nafuu hutoka viwandani yakiwa yameunganishwa tu, bila kurekebishwa kwa makini, kisha husafiri majini na barabarani kwa muda mrefu kabla ya kuning'inizwa dukani. Nyuzi huwa juu mno na vidole huuma. Noti nazo hutoka kombo, na mwanafunzi hujilaumu bure akidhani hana kipaji, ilhali kasoro ni ya chombo.

Kwa Ukambani jambo hili lina uzito wa pekee. Hii ndiyo nchi ya benga ya Kikamba, muziki uliovumishwa na marehemu Kakai Kilonzo, aliyefariki 1987, pamoja na bendi yake ya Les Kilimambogo Brothers, na Peter Mwambi na Kyanganga Boys. Katika benga gitaa la kuongoza halikai chini kwenye shingo likipiga kodi tu. Hupanda juu, karibu na kiwiliwili cha gitaa, na huko ndiko kasoro ndogo ya kipimo husikika waziwazi. Gitaa linaloweza kuvumilika katika nyimbo za ibada huenda likamwaibisha mpigaji wa benga.

Kabla ya nyuzi, tuanze na umeme, kwa sababu hapa kosa moja linaweza kuua. Nyuzi za gitaa hili zimeunganishwa kwa waya kupitia daraja na kebo hadi kwenye waya wa ardhi wa amplifaya. Waya huo ukiwa mzima, humlinda mpigaji na kupunguza mvumo. Ukikatika, na amplifaya iwe na hitilafu, nyuzi zenyewe zinaweza kubeba umeme. Hatari kubwa zaidi huja mpigaji anaposhika nyuzi kwa mkono na kugusa maikrofoni kwa mdomo. Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, mnamo Mei 1972 alipogusa maikrofoni isiyokuwa na waya wa ardhi. Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, aliuawa na umeme wa gitaa nyumbani kwake 1976.

Kwa hivyo, ule mtindo wa kusukuma kalamu au kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie haufai kabisa kwa amplifaya. Plagi iwe ya miguu mitatu, na soketi iwe na waya wa ardhi ulio hai, si tundu tupu. Kanisani au ukumbini, amplifaya na mitambo ya maikrofoni ichukue umeme mahali pamoja. Ukihisi mtekenyo wowote mdomoni, acha papo hapo na umwite fundi wa umeme. Usijiliwaze kwamba ni kidogo.

Anayenunua amplifaya ya mtumba asome pia maandishi ya nyuma. Umeme wa Kenya ni volti 240. Mashine iliyotengenezewa Marekani, yenye volti 120, itaungua mara moja isipotumiwa na transfoma. Amplifaya za valvu zisifunguliwe na asiye fundi, kwani huhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Sasa gitaa lenyewe. Marekebisho yana utaratibu wake, na kila hatua huathiri inayofuata: nyuzi, shingo, urefu wa nyuzi juu ya shingo, kisha urefu wa uzi wenyewe. Anayeruka hatua hurudia kazi.

Weka nyuzi mpya kwanza. Zile zilizokuja na gitaa mara nyingi zimeshika kutu. Anayeanza achukue seti nyembamba, ambayo uzi wake mwembamba kabisa ni wa inchi 0.009. Badilisha mmoja mmoja, si zote kwa pamoja, ili shingo isilegezwe ghafla; nyuzi sita zikikazwa huvuta shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 40. Zungusha uzi mara mbili au tatu kwenye kigingi, uvute taratibu kwa vidole ili unyooke, kisha ukaze tena. Sauti kutoka uzi mnene ni E, A, D, G, B na E. Ukikosea ukapita sauti, legeza hadi chini yake ndipo upande tena. Uzi ulioshushwa tu hulegea wakati wa kupiga.

Shingo haitakiwi kunyooka kabisa kama rula. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na kiwiliwili, kisha tazama nafasi iliyo katikati, kwenye freti ya saba au ya nane. Iwe takriban milimita 0.25. Makanika yeyote wa magari ana kipimo cha mapengo chenye bamba la unene huo, na hakuna ubaya kukiazima. Nafasi ikizidi, fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo hukazwa kwa kufuata mwendo wa saa, ikikosekana, hulegezwa. Zungusha robo tu, kaza nyuzi upya, pima tena. Ikigoma, usiilazimishe. Fimbo iliyovunjika ndani ya shingo ya gitaa la bei nafuu hugharimu kuitengeneza kuliko kununua gitaa jingine.

Baada ya hapo, shusha au pandisha nyuzi kwa skrubu ndogo za daraja. Kwenye freti ya 12, uzi mnene uwe juu kwa milimita 2 hivi, na mwembamba milimita 1.5. Zikigongagonga freti, pandisha kidogo.

Hatua ya mwisho ndiyo ile niliyosema humwumbua mpigaji wa benga. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 uupige, kisha ubonyeze hapo hapo upige tena. Sauti hizo mbili zilingane kwenye kipimo cha sauti. Ya kubonyeza ikiwa juu, sogeza tandiko la uzi huo kwenye daraja lirudi nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, lisogee mbele.

Utunzaji wa kila siku hauna mengi. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga, kwa maana jasho ndilo huleta kutu. Ubao wa shingo usiotiwa vanishi unaweza kupakwa mafuta yake maalumu kidogo sana, mara mbili kwa mwaka. Mafuta taa na ya kupikia yasikaribie. Wala usisugue freti kwa stilwuli bila kufunika sumaku za sauti, kwani hunasa chembe za chuma na kuzishikilia. Swichi na vifundo vikikwaruza, vizungushe mara kadhaa. Vumbi ndilo kisa, na Machakos tunalo la kutosha.

Hali ya hewa nayo ina kauli. Kati ya Julai na Septemba hewa hukauka, mbao hunywea, na ncha za freti huanza kukwaruza kiganja pembeni mwa shingo. Vuli ikija Oktoba, mbao hunyonya unyevu na shingo husogea tena. Ni vyema kuipima shingo nyakati hizo mbili. Gitaa lisiegemezwe ukutani chini ya mabati yasiyo na dari wala kuachwa ndani ya gari juani. Anayelibeba kwa bodaboda alivae mgongoni, kichwa cha gitaa kikielekea juu, na akumbuke matawi na milango mifupi.