Nyimbo za Ukumbini Zilizokosa Santuri

Wapenzi wa zilizopendwa katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, tangu Pumwani hata Kaloleni na Maringo, wana shauku moja isiyotulizwa na santuri yoyote ya dukani, nayo ni kuusikia muziki wa dansi kama ulivyopigwa ukumbini usiku kucha, kabla haujafupishwa ukatiwa katika sahani ya lakri.

Sababu ya uhaba wa rekodi za ukumbini i dhahiri kwa kila aitazamaye santuri yenyewe. Sahani ya inchi 10, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilichukua kiasi cha dakika 3 tu kila upande, basi mpigaji gitaa alilazimika kuupogoa wimbo ambao ukumbini ungaliendelea maadamu wachezaji hawajachoka. Tena mitambo ya kunasa sauti ilikuwa ghali, nayo ilimilikiwa na makampuni na redio. Na tajiri wa kampuni alitaka bidhaa, wala hakuwa na haja ya kuhifadhi usiku mmoja wa Jumamosi.

Kisha ikaja Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, mwaka 1952, pamoja na amri za kutotembea usiku. Na Aprili 1954 askari wa Operesheni Anvil wakaizingira mitaa hii, wakawachukua maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Katika dhiki kama ile, nani angeshughulika na kunasa muziki wa ukumbini?

Kilichosalia, basi, ni kazi ya studio, nayo ni hazina kubwa. Nyimbo alizorekodi mwanamuziki Fundi Konde, aliyetumika katika kikosi cha burudani cha King's African Rifles wakati wa Vita Vikuu vya Pili, zilikusanywa na kutolewa upya mwaka 1994, zikiwa za tangu 1947 hata 1956. "Helule Helule" ya mwimbaji Daudi Kabaka ilivuka bahari, ikaimbwa na bendi ya The Tremeloes ya Uingereza mwaka 1968.

Naona ni dhuluma kwa wanamuziki hao kuhukumiwa kwa dakika 3 peke yake. Mtafutaji hodari wa santuri huzisoma namba zilizochongwa kando ya lebo, akitumaini kupata nakala ya majaribio isiyouzwa kamwe. Lakini lililo aula zaidi ni kuichukua santuri hadi kwa wazee wa Kaloleni, kuwapigia, na kuwauliza gitaa la pili lilishikwa na nani, na ubeti gani uliachwa studio.