Maiti ya Mzimuni

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilipata umaarufu wake wa kwanza kwa kisa cha shamba, Unguja, kwenye mzimu, mahali ambapo watu hupeleka ubani na kuweka nadhiri. Maiti ya Bwana Ali, mtu mwenye mali na mashamba, inakutwa Mzimuni. Mwenye kuamini mizimu hana haja ya polisi kumwambia nani kaua. Watu wa kale wamekasirika, basi.

Ndivyo linavyoanza fumbo la Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla. Ilishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya 1957-58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikatoka kitabu mwaka 1960.

Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia kwenye uhariri wa magazeti, na kuanzia 1958 alifanya kazi katika Mkulima, gazeti la kilimo. Hakuwa mtu wa kulitazama shamba kwa mbali.

Mpelelezi wake, Bwana Msa, anavuta kiko na ana rafiki wa kufuatana naye, Najum. Msomaji wa Conan Doyle atamtambua Sherlock Holmes mara moja, na wahakiki wamelisema hilo mpaka limechosha. Mimi naona deni kubwa zaidi liko kwenye The Hound of the Baskervilles ya 1902: kijiji, laana ya ukoo, na mtu anayejificha nyuma ya hofu ya wenzake.

Ila hofu ya Unguja haikuazimwa Uingereza. Mzimu ni mahali panapojulikana, pango au mti, pana adabu zake, na aliyelelewa karibu napo hapiti hivi hivi. Muuaji akitaka kificho, atapata wapi kizuri kuliko hapo? Nani atakwenda kuchunguza alama za miguu mahali anapoogopa kukanyaga? Imani ya wengi inamlinda mtu mmoja pasipo wenyewe kujua. Spekta Seif wa polisi ana sheria na askari, lakini kinachomwezesha Bwana Msa kulifumbua fumbo ni kukataa kuridhika na jibu ambalo wote wameshalikubali. Kwangu huo ni ujasiri mkubwa kuliko kupambana na mwenye bastola.

Na kinachofukuliwa katika riwaya za Abdulla, mara kwa mara, ni siri ya damu: mtoto asiyejua babake, ndugu wasiojuana, urithi uliokwenda pasipostahili. Watu wazima wamenyamaza miaka mingi kwa kuogopa aibu, na kimya chao ndicho kinacholea maafa.

Miaka minne baada ya Mzimu wa Watu wa Kale kutoka yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Mashamba makubwa yalitaifishwa, wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa riwaya ya Simu ya Kifo, na upelelezi ukahamia mjini. Abdulla hakumfuata. Mwaka 1968 alitoa Kisima cha Giningi, jina ambalo kwa Mzanzibari ni la wachawi, na Bwana Msa akarudi kazini na kiko chake.